Jibu la Charo

Asubuhi ya safari ile tulikula mahamri na mbaazi pale Magongo, kwenye kibanda kilichoelekeana na yadi ya kampuni, na Charo akatia sukari kwenye mbaazi zake. Swaleh alisogeza kiti. Alikuwa mtu wa Kisauni, wa nyumba ambayo chakula hakifanyiwi mchezo, na alitangaza mbele ya mwenye kibanda kwamba hawezi kukaa meza moja na mtu wa namna ile.

"Tumbo ni langu," Charo akasema.

"Tumbo ni lako, lakini mato yatazamayo ni yangu," Swaleh akamjibu kwa Kimvita chake cha kujivunia.

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Tulilipa, tukavuka barabara, kila mmoja akapanda lori lake.

Tulikuwa madereva wa maboza, yale malori ya tangi la maji. Hatukuwa wanajeshi. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia fulani alikuwa vitani hutafuta bunduki kwenye masimulizi yake, na mimi sijapata kushika hata manati. Naitwa Hamisi, Mdigo wa Likoni, nimehamia Changamwe kwa sababu ya kazi na kwa sababu nilichoka na feri. Kampuni yetu ilikuwa na kandarasi ya kupeleka maji kwenye kambi moja ya wanajeshi ng'ambo ya mpaka, Somalia. Malipo yalikuwa mazuri na hatari ilielezwa kwa sauti ya chini.

Taniboi, wasaidizi wetu wa garini, hawakuruhusiwa kuvuka mpaka, kwa hivyo kila mmoja wetu alikuwa peke yake ndani ya kabini kutwa nzima. Upweke huo ndio uliozaa desturi yetu. Wanajeshi walikuwa na redio zao, wakiitana kwa namba na kwa Kiingereza. Sisi tulipewa vijiredio vya mkononi vya kusemezana wenyewe kwa wenyewe. Swaleh ndiye aliyeongoza maboza, na alikataa katakata kuita mtu namba. Alisema binadamu hujuliwa hali. Basi kila tukipita mahali pabaya, alibonyeza redio akauliza: "Charo, hujambo?" Charo akajibu: "Sijambo." Kisha akaniuliza mimi, nami nikajibu vivyo hivyo. Hatukuhitaji maneno mengine, na nakiri nilikuwa nikiyangoja.

Lakini tazama neno lenyewe. Nani kati yetu amewahi kuulizwa hujambo akajibu kwamba ana jambo? Mtu ametoka kuzika, mchanga bado uko kwenye kucha, ukimuuliza habari za nyumbani atakwambia njema, kisha ndipo aongeze kwamba mama hatunaye tena. Njema hutangulia, msiba hufuata. Ndivyo tulivyolelewa Pwani hii, Mswahili, Mdigo na Mgiriama, na mimi naiona ni adabu nzuri. Vitani haifai.

Siku ya pili baada ya kuvuka mpaka, baada ya adhuhuri, tulikuwa kwenye barabara ya vumbi yenye vichaka kila upande. Magari ya wanajeshi yalikuwa mbele yetu, na jingine nyuma yangu. Hilo la nyuma ndilo lililombeba tabibu.

Nilisikia mlio, nikadhani ni tairi.

Halafu kioo changu cha pembeni hakikuwepo.

Tulikuwa tumefundishwa jambo moja tu: mkishambuliwa, msisimame. Nikakanyaga mafuta. Boza la Charo lilitimua vumbi mbele yangu, nami nikalifuata vumbi hilo kwa sababu sikuona kingine cha kufuata.

Tangi langu lilipigwa. Nilisikia maji yakimwagika.

Nilisoma shahada.

Kisha ikawa kimya. Redio ikakwaruza.

"Charo, hujambo?"

"Sijambo. Twende."

"Hamisi, hujambo?"

"Sijambo."

Tukaenda.

Tulikwenda mpaka wanajeshi waliporidhika kwamba tumetoka hatarini, karibu na skuli iliyohamwa. Charo aliegesha lori lake vizuri, sambamba na la Swaleh, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Niliruka chini nikaenda mlangoni kwake kumtukana kwa utani, kwa sababu alikuwa amenilisha vumbi la mwaka mzima.

Nilifungua mlango. Kiti kilikuwa kimelowa.

Nilidhani ni maji.

Tabibu alikuja mbio, akapanda, akashuka polepole. Alituambia jeraha lilikuwa la ubavuni. Hakutuambia kama Charo angepona lau angetibiwa mapema, nasi hatukumuuliza.

Tulimrudisha Charo kwao Jomvu. Mkewe, Kadzo, alikuwa na watoto wadogo. Mkubwa mmoja wa kampuni alisimama mbele ya waombolezaji akasema marehemu alifariki papo hapo, hakuhisi kitu. Watu wakaitikia. Mimi na Swaleh tulikuwa tumesimama nyuma, karibu na sufuria, na hakuna aliyetuuliza neno. Mkataba wa maji ukapewa wengine. Tukapewa mkono wa pole na likizo, na ikahesabiwa kwamba yameisha.

Hayakuisha. Nilipata kazi ya kuvuta makontena kutoka Kipevu hadi Miritini, safari ya karibu, barabara ya lami, hakuna vichaka. Siku moja lori la nyuma lilinikaribia mno kwenye foleni, nikaacha injini ikiunguruma, nikashuka na kwenda zangu kwa miguu. Nyumbani nilianza kulala na viatu. Mke wangu, Mwanasha, alivumilia, halafu akachoka.

"Utaniharibia shuka na mabuti yako hayo. Wataka kwenda wapi?"

Sikujua nataka kwenda wapi, nilijua tu kwamba sitaki kukutwa pekupeku. Jambo kama hilo humwambii mtu mzima mwenzako. Nikajikaza kisabuni.

Ya Swaleh yalikuwa mengine. Swaleh aliacha kuitikia hujambo.

Ukimpa salamu ya Kiislamu alirudisha, kwa kuwa kuirudisha ni wajibu. Lakini ukimwambia hujambo, au vipi hali, au umeamkaje, alikutazama tu akapita. Huku kwetu ni afadhali mtu akuibie kuku kuliko kukunyima jibu la salamu. Mtaani kwake Kisauni walisema fedha za vitani zimempa kiburi. Wazee wakamwacha. Jamaa wakasema ana shetani, akasomewa, akafukizwa, akawa vile vile na moshi kichwani. Imamu alimwambia kwa upole kwamba kila nafsi na siku yake. Daktari alimpa vidonge, na vilimsaidia kupata usingizi. Mkewe, Maimuna, alimwambia kila siku kwamba kosa si lake, ingawa hakujua kosa lipi, maana hakuwahi kuambiwa.

Mimi nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza aliponinyima jibu, na nikanyamaza, kwa sababu kulisema lake kungenilazimu kusema na langu.

Ndipo Maimuna akanipigia simu. Hakulia. Alisema Swaleh amegawa kanzu zake, saa yake amempa jirani, na buti zake za kazi ameziweka msikitini azichukue anayetaka. "Shemeji Hamisi," akasema, "mtu agawaye vitu vyake vyote ataka kusafiri wapi?"

Niliogopa kuliko nilivyoogopa barabarani kule. Barabarani palikuwa na mafuta ya kukanyaga.

Wakati huo kulikuwa na mlinzi mmoja kwenye yadi ya malori ya Miritini, Wafula, mwanajeshi mstaafu kutoka bara, sikio moja halisikii. Kila Jumamosi alasiri alikusanya watu nyuma ya banda la mafundi wa tairi: madereva wawili watatu waliopita njia kama zetu, askari wenzake wa zamani. Walikaa juu ya tairi kuukuu wakazungumza. Aliwahi kunialika, nikamwambia mimi si mtu wa vikao vya kulizana. Sasa nilimwendea nikamweleza habari ya Swaleh. Alinisikiliza kwa lile sikio zima.

"Mlete," akasema. "Lakini kwanza hospitali, leo hii, na mkewe asimwache peke yake. Sisi si madaktari. Sisi ni watu tu. Halafu Jumamosi mlete, na wewe ukuje. Usimlete kama mzigo ukaenda."

Tulimpeleka hospitali mimi na Maimuna, na Swaleh alikubali kama mtu anayefuatana na wengine tu. Jumamosi nikampitia, tukaenda Miritini.

Kanuni ya kikao ilikuwa moja. Wafula aliitoa kama anavyotoa amri getini: "Hapa hakuna niko sawa. Hakuna sijambo. Ukiulizwa hujambo, unajibu ukweli ama unanyamaza. Kunyamaza si makosa."

Nilimtazama Swaleh. Alikuwa ameinua kichwa.

Siku hiyo hakusema kitu, wala Jumamosi iliyofuata. Mimi ndiye niliyesema, kwa hasira, kwa sababu Wafula aliniuliza hali mara ya pili na nikaona ananichokoza. Nikabwata kwamba nalala na viatu, haya, chekeni. Hawakucheka. Dereva mmoja wa makamo, ambaye hata jina lake sikuwa nimelishika, akauliza: "Unafunga kamba?"

"Nafunga."

"Mimi huvaa kimoja tu. Mke wangu tulipatana hivyo."

Hapo ndipo tulipocheka, na mimi nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Sijui nieleze vipi nafuu ile. Mwanasha alikuwa amenihurumia, na huruma ni kitu kizuri, lakini mwenye kukuhurumia amesimama pembeni. Huyu alikuwa na kiatu kimoja kitandani. Wiki hiyo nililegeza kamba. Baadaye nilivivua, nikaviweka karibu na mto.

Swaleh alizungumza wakati hakuna aliyemtazamia. Wafula alikuwa ameanza mzunguko wake, akafika kwake akauliza kama alivyouliza kila mara, bila kukaza wala kulegeza.

"Swaleh, hujambo?"

"Nna jambo," Swaleh akasema.

Mafundi walikuwa wakipiga nyundo upande wa pili. Wafula hakumhimiza.

"Mimi ndiye niliyemuuliza," Swaleh akaendelea. "Nilimuuliza hujambo, akanambia sijambo, nikamwamini. Nilikuwa mbele. Lau ningemuuliza neno jingine, kwamba umeumia, ewe Charo, watoka damu? Ningeuliza hivyo, tungesimama, tabibu alikuwa nyuma yetu. Nilimuuliza salamu. Mtu yuwafa nami nampa salamu."

Alirudia hilo la mwisho. Akaikalia mikono yake.

Watu walinitazama, maana walijua nilikuwepo. Nilikuwa nimelibeba neno hilo muda wote nikidhani ni mzigo wake yeye, na kwamba adabu ni kutolitaja.

"Na mimi nilisikia," nikamwambia. "Redio yangu ilikuwa wazi. Nilimsikia akisema sijambo, twende. Sauti ilikuwa ya kawaida, Swaleh. Haikutetemeka. Ningekuwa mimi wa kuuliza, ningeamini. Niliamini."

"Haikutetemeka?"

"Haikutetemeka."

"Mimi kila siku naisikia yatetemeka."

"Hapana. Nilikuwa nyuma yake. Lori lake lilikwenda sawa mpaka mwisho. Nilimfuata yeye, sikufuata barabara."

Swaleh alinitazama sana, kama mtu anayesaka uongo usoni mwa mwenzake. Kisha akajifunika uso kwa kofia yake akalia, na watu wazima wale wakamwacha alie, mmoja akainuka akaenda kuwaambia mafundi wapumzishe nyundo.

Nimelifikiria sana hilo. Imamu alimwambia kweli. Maimuna alimwambia kweli. Daktari alifanya kazi yake, na vidonge vile huenda ndivyo vilivyomfikisha Jumamosi ile akiwa hai. Lakini hakuna kati yao aliyeisikia sauti ya Charo redioni. Shahidi alikuwa mmoja tu duniani, na shahidi huyo alikuwa kwake Changamwe, amelala na mabuti.

Tulijadiliana pale kwa nini Charo alijibu vile. Mmoja alisema huenda hakujua kwamba amepigwa, mwili ukiwa moto hausemi. Wafula alisema alijua, na alijua kwamba msafara ukisimama watakufa wengi. Mimi naamini kinywa chake kilijibu kabla ya mwenyewe, kama ambavyo kingejibu cha kila mtu aliyezaliwa huku. Hatukukubaliana na hatujakubaliana hadi leo.

Swaleh alirudi kula. Alimwomba jirani saa yake, kwa aibu, na jirani akamrudishia bila maneno. Halafu akasema kuna mtu mmoja anastahili kuambiwa, naye ni Kadzo. Wafula alimuuliza kama ana hakika. Swaleh alisema hawezi kupona kwa siri. Mimi niliona ni jambo jema, nikafuatana naye Jomvu.

Kadzo alitukaribisha vizuri, akatutolea viti uani, akatuletea maji. Tulikuwa hatujamwona tangu mazishi. Swaleh akamweleza yote, kwa utaratibu, bila kujitetea: mashambulizi, redio, swali, jibu, skuli, breki ya mkono, hata kikao chetu cha Miritini. Kadzo alisikiliza akiwa ameshika sinia mapajani. Swaleh alipomaliza, akasema:

"Kwa hivyo alikuwa hai."

Akaweka sinia chini.

"Niliambiwa papo hapo. Niliambiwa hakuhisi kitu. Watoto wangu nimewaambia hivyo, na mimi mwenyewe nalala kwa hilo. Sasa mwanambia aliendesha gari. Aliendesha, akaegesha. Kwa hivyo aliumia. Kwa hivyo alikuwa na muda wa kufikiri. Alifikiri nini?"

"Hatujui, dada," Swaleh akasema.

"Mumekuja kujitua mzigo," Kadzo akatuambia. "Haya, mumeutua. Nendeni."

Alikuwa na haki. Tuliinuka tukaenda. Kule kwenye tairi za Miritini tulikuwa tumepata nafuu kwa kugawana kitu kizito, na ulevi wa nafuu ukatufanya tudhani kila mtu atafurahi kupewa kipande chake. Jumamosi hiyo Swaleh aliyasema hayo kikaoni bila kujificha, na nilihofia atarudi alikotoka. Hakurudi. Alihuzunika kama mtu mzima anavyohuzunika, akala chakula chake, akaja tena wiki iliyofuata.

Sisemi kikao kile kinafufua watu. Mwenzetu mmoja aliacha kuja, simu yake haikupatikana tena, na hatujui yuko wapi. Swaleh hajashika usukani hadi leo. Anapima upepo wa tairi pale yadini, Kisauni wamemsamehe, na ukimsalimu anakujibu baada ya kufikiri kidogo, jambo ambalo wageni huliona la ajabu. Mimi bado siwezi kukaa kwenye foleni na lori nyuma yangu bila jasho. Charo angekuwa na mvi sasa. Watoto wake wamekua bila yeye, na hakuna mazungumzo yatakayoliweka hilo sawa.

Miezi mingi ilipita tangu siku ile ya Jomvu kabla Kadzo hajatokea. Alikuja Jumamosi, amevaa leso mpya, akasimama penye kona ya banda, akauliza kama hapa ndipo. Wafula alimpa kiti chake mwenyewe, hakumkalisha kwenye tairi. Hakumuuliza hujambo. Alimwambia tu karibu.

Kadzo alikaa. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia Swaleh.

"Picha zake ninazo," akasema. "Sauti sina. Wakati ule simu zetu hazikurekodi, na watoto wananiuliza baba alizungumza vipi, nami imeshanitoka. Wewe ndiye uliyemsikia mwisho. Niambie kama alivyosema."

Swaleh akamjibu: "Alisema: sijambo. Twende."

"Hivyo sivyo. Hicho ni Kiswahili chako wewe. Charo alikuwa Mgiriama."

Swaleh akafumba macho. Aliposema tena, alisema kwa sauti nzito zaidi, isiyo na haraka, na neno lilitoka kama linavyotoka Kaloleni kwa Wagiriama.

"Sidzambo. Twende."

Kadzo aliweka mkono kinywani. Nami niligeuka kutazama malori, kwa sababu ilikuwa ni Charo hasa.

"Mwisho wa neno alivuta kidogo," Kadzo akasema alipoweza kusema. "Sema tena."

Swaleh akasema tena.